Ghala Marekani: Kusoma Kodi za Majimbo Kabla ya Kutia Saini Mkataba wa Pango

Karibu kila anayetafuta ghala Marekani huanza kwa kuuliza bei ya pango kwa futi ya mraba. Swali ni halali, ila halitoshi. Maghala mawili yanaweza kuwa na pango sawa, yakatazamana ng'ambo mbili za mpaka wa majimbo, na moja likakugharimu makumi ya maelfu ya dola zaidi kwa mwaka kwa sababu tu mali yako ililala upande usiofaa usiku wa kuamkia Januari 1.

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Nairobi au Goma anayepeleka kahawa, chai au vikapu na sasa anataka mzigo ukae karibu na wateja. Ni wa mwanadiaspora wa Texas, Ohio au Kentucky pia, yule ambaye biashara yake ya mtandaoni imeshaijaza gereji. Ukiwa umezoea TRA au KRA, ambako kiwango cha VAT hupangwa na serikali kuu, Marekani itakuchanganya. Hakuna VAT ya taifa. Kila jimbo hujitungia kodi zake, na chini yake kaunti, jiji na hata wilaya ya shule (mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo) nazo zina mkono wao. Mtanzania walau ana mfano mdogo nyumbani: Bara na Zanzibar zina sheria mbili za VAT ndani ya nchi moja. Zidisha hali hiyo kwa majimbo 50, kisha ongeza maelfu ya kaunti.

Kwa nini maghala yako pale yalipo

Ukiitazama ramani ya maghala ya Marekani bila kuijua historia ya kodi, utakuta mambo ya ajabu. Kampuni yenye wateja wengi California iliweka ghala Fernley, mji mdogo jangwani Nevada. Nyingine zikajaa Reno, ng'ambo ya milima.

Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Quill dhidi ya jimbo la North Dakota, iliamua kwamba jimbo haliwezi kumlazimisha muuzaji akusanye kodi ya mauzo kama hana kitu cha kushikika ndani ya mipaka yake: ofisi, wafanyakazi au ghala. Waliokuwa wakiuza kwa posta, na baadaye kwa intaneti, walilielewa somo mara moja. Weka ghala katika jimbo lenye watu wachache, au lisilo na kodi ya mauzo kabisa, halafu tuma vifurushi kwenye majimbo makubwa bila kuongeza kodi kwenye bei. Jeff Bezos aliwahi kueleza kwamba alipoanzisha Amazon aliulizia uwezekano wa kukaa kwenye ardhi ya Wamarekani wenyeji karibu na San Francisco. Ilipokwama, akachagua Washington, jimbo lenye wakazi wachache kuliko California. Ghala la pili la kampuni, mwaka 1997, lilikwenda New Castle, Delaware, jimbo lisilo na kodi ya mauzo.

Mtindo huo ulidumu takriban miaka 20. Mwaka 2010 Texas iliidai Amazon dola milioni 269 za kodi ya mauzo kwa sababu ya ghala lililokuwa Irving, na kampuni ikalifunga mwaka uliofuata. Mwaka 2012 pande mbili zikaelewana: Amazon ianze kukusanya kodi Julai 1, iajiri watu 2,500 na iwekeze dola milioni 200. California nayo ikafikia makubaliano, ukusanyaji ukaanza Septemba 15, 2012, na muda si mrefu ghala la San Bernardino likafunguliwa. Utaona mfuatano wenyewe: mara tu kodi ilipokuwa lazima ilipwe kwa vyovyote, sababu ya kukaa mbali na mteja ilikufa, na maghala yakasogea mijini.

Juni 21, 2018 Mahakama Kuu iliipindua Quill katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, muuzaji wa samani mtandaoni. Sasa jimbo linaweza kukudai kodi ya mauzo hata kama huna kitu ndani yake, ili mradi mauzo yako huko yamevuka kiwango fulani. Wengi walidhani kuanzia hapo kodi haina tena usemi juu ya mahali pa ghala. Walikosea. Kodi ya mauzo ilipotoka mbele, kodi zilizokuwa nyuma yake ndizo zilizoonekana.

Hatua ya 1: Andika mali yako inakwenda wapi

Usifungue tovuti ya jimbo lolote kabla ya kuwa na karatasi hii. Chukua mauzo ya miezi 12 na uyagawe kwa jimbo alilopo mpokeaji: idadi ya vifurushi au paleti, thamani ya mauzo, na gharama yako ya kununulia. Ongeza mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni wastani wa siku ambazo bidhaa hukaa ghalani kabla ya kutoka. La pili ni thamani ya mali iliyokuwa ghalani Januari 1. Namba hizo mbili ndizo zitakazokuwa na uzito hatua ya tatu. Kama hujaanza kuuza, kadiria, lakini kadiria kwa jimbo, wala usiandike tu "Marekani nzima".

Hatua ya 2: Kodi ya mauzo

Majimbo matano hayana kodi ya mauzo ya jimbo zima: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Alaska lakini inaruhusu miji yake kutoza. Kuweka ghala huko hakukuondolei kodi ya wateja walioko kwingine. Hilo liliisha na Wayfair.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuvielewa vibaya viwango vya kuanzia. Mtu husoma kwamba Texas au California inaanza kumdai muuzaji wa nje baada ya mauzo ya dola 500,000 kwa mwaka, na majimbo mengi baada ya dola 100,000. Anaweka katoni 40 katika ghala la Texas na kujihesabu bado yuko chini. Viwango hivyo ni vya muuzaji asiye na kitu ndani ya jimbo. Mali yako ikishalala humo, umekwisha kufungwa na jimbo hilo kikodi, hali ambayo wahasibu huiita neksasi, na kwa kawaida unaanza kudaiwa tangu dola ya kwanza. Kwa hiyo jiandikishe kabla mzigo haujapokelewa.

Ukiuza kupitia soko la mtandaoni pekee, soko ndilo linalokusanya kodi kwa niaba yako katika majimbo yenye kodi ya mauzo. Ukiwa na tovuti yako mwenyewe pembeni, mauzo ya tovuti hiyo ni juu yako. Na ukinunua bidhaa za kuuza tena, mpe muuzaji wako cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza, la sivyo utatozwa kodi ya mauzo juu ya stoku yako mwenyewe, fedha ambayo kuirudisha ni kazi ya miezi.

Hatua ya 3: Kodi ya mali iliyolala

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Majimbo mengi yamefuta kodi juu ya stoku ya biashara. California iliifuta mwaka 1980. Ohio iliipunguza kidogo kidogo kuanzia 2005 hadi ikaisha 2009. Indiana iliimaliza mwaka 2006. Pennsylvania haitozi kodi juu ya mali inayohamishika hata kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya bonde la Lehigh, kando ya barabara kuu ya I-78, kujaa maghala yanayolisha New York na New Jersey. South Carolina haitozi stoku ya mfanyabiashara. Lakini Texas, Georgia, Kentucky, Louisiana, Mississippi, Oklahoma na Arkansas ni miongoni mwa majimbo ambayo bado yanaitoza kwa namna moja au nyingine. Angalia orodha hiyo: humo mna bandari kubwa, reli na ardhi ya bei nafuu. Ndiyo maana swali hili haliepukiki.

Kodi hii haijali kama umepata faida, wala kama bidhaa imeuzwa. Mthamini wa kaunti anauliza kitu kimoja: siku ya hesabu, ambayo mara nyingi ni Januari 1, ulikuwa na mali ya shilingi ngapi chini ya paa hili?

Majimbo yanayoitoza yanajua inafukuza maghala, kwa hiyo yameweka mlango wa kutokea unaoitwa friipoti: msamaha kwa mali inayopita tu, iliyoingia ghalani ili ije itoke nje ya jimbo. Nevada ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu 1949, na mwaka 1960 ikaiingiza kwenye katiba yake, wakati California bado inatoza stoku. Reno ilijengeka juu ya msamaha huo. Leo Nevada haitozi stoku ya kuuza kabisa, iwe inatoka nje ya jimbo au inabaki.

Texas ndiyo inayohitaji macho makali. Msamaha upo, lakini kila mamlaka huamua yenyewe kama itautoa: wilaya ya shule, jiji, kaunti, kila mmoja kivyake. Bidhaa lazima itoke Texas ndani ya siku 175 tangu uipate au uiingize. Asilimia ya msamaha wako hukokotolewa kutokana na mwaka uliotangulia: kama asilimia 70 ya stoku yako ya mwaka jana ilitoka nje ya jimbo ndani ya siku 175, basi asilimia 70 ya stoku ya Januari 1 ndiyo inayosamehewa. Bila kumbukumbu za tarehe ya kuingia na ya kutoka kwa kila bidhaa, huna cha kuonyesha. Programu ya ghala inayohifadhi "iliyobaki" tu bila tarehe haikusaidii.

Fomu mbili za Texas usizichanganye. Namba 50-144 ni ya kutangaza mali, na mwisho wake wa kawaida ni Aprili 15. Ukichelewa unaongezewa asilimia 10 ya kodi. Namba 50-113 ni ya kuomba friipoti, na mwisho wake ni Aprili 30, kila mwaka upya. Wapo wanaojaza ya kwanza kwa uaminifu kabisa na kusahau ya pili, wakalipa kodi yote. Kuna pia njia ya kuomba stoku ithaminiwe Septemba 1 badala ya Januari 1. Ombi hilo huwasilishwa kufikia Julai 31. Kwa muuza nguo za baridi haisaidii, lakini muuza mbegu na vifaa vya bustani, ambaye ghala lake hufurika Januari kusubiri masika, anaweza kupunguza thamani kwa nusu au zaidi. Tangu mwaka wa kodi 2026 Texas imepandisha pia msamaha wa mali ya biashara kutoka dola 2,500 hadi 125,000. Kwa ghala dogo la mwanadiaspora hilo huenda likamaliza hesabu yote.

Georgia nayo ina friipoti ya kaunti na miji, kwa ngazi za asilimia 20, 40, 60, 80 au 100. Kaunti mbili jirani nyuma ya bandari ya Savannah zinaweza kuwa na ngazi tofauti, kwa hiyo piga simu kwa mthamini wa kaunti na uulize ngazi halisi ya mwaka huu. Fomu ni PT-50PF, mwisho Aprili 1. Ukichelewa, msamaha unakatwa. Ukipitisha Juni 1 umeupoteza mwaka mzima.

Kentucky ilichagua njia nyingine. Kodi inalipwa, kisha unapewa nafuu ya kiasi hicho kwenye kodi yako ya mapato, asilimia 100 tangu 2021. Inasikika kama bure. Lakini nafuu hiyo hairudishwi kwa fedha taslimu: kama mwaka huu hukupata faida na hudaiwi kodi ya mapato, hakuna cha kuipunguzia. Biashara changa ndiyo yenye stoku nyingi na faida ndogo, hivyo ndiyo inayoumia.

Neno moja kwa waagizaji kutoka nje. Usidhani kwamba bidhaa iliyotoka Mombasa haiguswi na kaunti kwa kuwa ni ya kimataifa. Mwaka 1976, katika kesi ya Michelin, Mahakama Kuu iliiruhusu kaunti ya Gwinnett, Georgia, kutoza kodi matairi yaliyoagizwa nje na kuhifadhiwa ghalani. Njia halali ya kuikwepa kodi hiyo ni ukanda wa biashara ya nje: sheria ya shirikisho inazuia majimbo na kaunti kutoza kodi ya mali inayokokotolewa kwa thamani juu ya bidhaa iliyoagizwa na kuhifadhiwa ndani ya ukanda huo. Ukanda una gharama zake za usimamizi, kwa hiyo kwa kontena mbili tatu kwa mwaka haulipi. Ila kuna maghala ya umma ndani ya kanda hizo yanayopokea mzigo wa watu wengi. Uliza bei yao kwanza.

Hatua ya 4: Kodi ya mapato, na kodi ya mapato ghafi

Tangu 1959 kuna sheria ya shirikisho, Public Law 86-272, inayozuia jimbo kutoza kodi ya mapato kampuni ambayo huko inatafuta tu oda za bidhaa na kuzijaza kutoka nje. Kuweka stoku ndani ya jimbo kunaivunja kinga hiyo. Basi ghala linakuletea fomu za mapato pia, siyo za mauzo peke yake.

Habari njema ni kwamba majimbo mengi sasa hugawa faida ya kampuni kwa kuangalia mauzo pekee, siyo majengo na mishahara. Ghala lako likiwa katika jimbo la namna hiyo na wateja wakiwa kwingine, sehemu ndogo tu ya faida hutozwa huko. Mtego ni kanuni ya kurudisha mauzo: katika baadhi ya majimbo, California na Illinois yakiwamo, mauzo yaliyotumwa kwenye jimbo ambalo haliwezi kukutoza hurudishwa na kuhesabiwa kama ya jimbo lilipo ghala. Mtu anaweza kuwa na wateja asilimia 5 tu California na akajikuta sehemu kubwa ya faida yake imehesabiwa huko. Texas na Nevada hazina kanuni hiyo.

Ila msidanganywe na tangazo la "jimbo lisilo na kodi ya mapato ya kampuni". Texas ina kodi yake ya biashara, asilimia 0.375 kwa wauzaji wa jumla na rejareja. Kwa ripoti za 2024 na 2025 haikudaiwa kwa mwenye mapato yasiyozidi dola milioni 2.47. Nevada hutoza kodi ya biashara kwa mapato ya ndani ya jimbo yanayozidi dola milioni 4. Ohio hutoza asilimia 0.26 ya mapato ghafi, yaani mauzo kabla ya kutoa gharama, na tangu 2025 dola milioni 6 za kwanza zimesamehewa. Delaware haina kodi ya mauzo lakini ina kodi ya mapato ghafi. Kodi za namna hii hazipungui ukipata hasara, kwa hiyo anayeuza kwa faida nyembamba azipime kwa makini zaidi.

Kwa kampuni iliyosajiliwa Kenya au Tanzania: nchi hizi hazina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi ya mapato mara mbili na Marekani. Stoku ikiwa huko, zungumza na mhasibu kuhusu kodi ya shirikisho pia, mapema, kabla meli haijaondoka.

Hatua ya 5: Jengo na vifaa

Mikataba mingi ya maghala ni ile ambayo mpangaji hulipa pango, kisha juu yake kodi ya jengo, bima na matengenezo. Bei uliyotajiwa kwa futi basi ni nusu ya habari. Omba bili tatu za mwisho za kodi ya jengo. Halafu uliza kama jengo limeuzwa karibuni au liko karibu kuuzwa, maana katika majimbo mengi mauzo humkumbusha mthamini kupandisha thamani, na ongezeko linakuangukia wewe. Uliza pia kama jengo liko kwenye msamaha wa muda, na unaisha lini. Ohio kwa mfano huruhusu msamaha wa kodi ya jengo hadi miaka 15. Ukiingia mwaka wa 13 kwa mkataba wa miaka mitano, miaka miwili ya mwisho ni ya kodi kamili.

Raki, foklifti na mikanda ya kusafirishia mizigo hutozwa kodi ya mauzo unaponunua, na katika majimbo mengi kodi ya mali kila mwaka baada ya hapo. Misamaha ya vifaa ipo, lakini mara nyingi ni ya wakubwa. Ya Tennessee kwa ajili ya maghala huanzia uwekezaji wa dola milioni 10.

Hatua ya 6: Misamaha ya kujadiliana

Kampuni kubwa hazipokei kodi kama ilivyoandikwa. Huketi mezani na jiji au kaunti. South Carolina hutoa makubaliano ambayo mali huthaminiwa kwa asilimia 6 badala ya 10.5, kwa uwekezaji wa kuanzia dola milioni 2.5. Texas na California kuna namna nyingine: sehemu ya kodi ya mauzo huenda kwa mji ambako mauzo yanahesabiwa yametokea, kwa hiyo mji mdogo huweza kumvuta muuzaji kwa kumrudishia sehemu ya fedha hiyo. Dell na mji wa Round Rock, Texas, ni mfano unaojulikana. Mji unafaidika, miji jirani inalia.

Mdogo naye anaweza kuuliza, hasa kaunti yenye majengo matupu. Mambo matatu ya kuzingatia. Usitie saini mkataba wa pango kabla ya azimio la baraza, maana misamaha mingi inataka uthibitisho kwamba bila hiyo usingekuja. Aliyekwisha saini hana hoja. Soma maana ya "ajira": wafanyakazi wa wakala, wanaojaa maghalani msimu wa Novemba na Desemba, mara nyingi hawahesabiwi. Na tafuta kifungu cha kurejesha fedha: usipofikisha ajira ulizoahidi, utarudisha kiasi gani, kwa uwiano au chote?

Hatua ya 7: Fanya hesabu moja, siyo saba

Kodi peke yake haichagui ghala. Usafirishaji na mishahara huwa vikubwa kuliko kodi karibu kila mara. Kazi ya kodi ni kuamua kati ya mahali pawili ambapo vingine vimekaribiana. Mfano ufuatao ni wa namba za kubuni, lakini hesabu yake ndiyo halisi.

Una stoku ya dola milioni 2 Januari 1 na vifurushi 60,000 kwa mwaka, wateja wengi wakiwa kusini na mashariki. Unachagua kati ya Texas na Reno. Ukituma kutoka Reno kila kifurushi kinazidi kwa senti 55, yaani dola 33,000 kwa mwaka. Nevada haitozi stoku. Upande wa Texas kodi kwa kila dola 100 ni hivi: wilaya ya shule 1.10, jiji 0.60, kaunti 0.35, mamlaka nyingine 0.15. Jumla 2.20. Asilimia 70 ya mali yako hutoka Texas ndani ya siku 175.

Pasipo friipoti: dola 44,000. Reno inashinda kwa 11,000.

Kaunti peke yake ikitoa friipoti: unaokoa asilimia 70 ya 0.35 kwa kila dola 100, sawa na 4,900. Kodi inabaki 39,100. Reno bado.

Kaunti na wilaya ya shule zote zikitoa: unaokoa 20,300, kodi inabaki 23,700. Sasa Texas inashinda kwa 9,300.

Ghala ni lile lile, mtaa ule ule, bei ile ile. Kilichobadilika ni uamuzi wa bodi ya shule. Wakala wa majengo atakwambia "eneo hili lina friipoti". Mrudishie swali: ya nani? Kodi ya shule ndiyo kubwa, kwa hiyo jibu lisilotaja shule ni jibu pungufu. (Msamaha wa dola 125,000 tumeuacha pembeni ili hesabu isomeke.)

Kabla ya kufunga hesabu, jaribu mabaya. Sehemu inayotoka nje ya jimbo ikishuka toka 70 hadi 40, kwa kuwa umepata wateja wengi Houston, humo humo Texas, itakuwaje? Na Reno ina lake: barabara ya I-80 kwenda California hupita Donner Pass, na theluji huifunga mara kwa mara wakati wa baridi. Siku mbili za kusimama kwa lori hazimo kwenye jedwali lolote la kodi.

Kama ghala si lako

Wengi wa wasomaji hawatapanga jengo. Watatumia kampuni inayohifadhi na kutuma kwa niaba yao. Kodi haibadiliki kwa hilo: stoku ni yako, hata kama paa ni la mwingine. Katika Texas au Georgia, uliza kampuni hiyo kwa maandishi nani anatangaza mali kwa mthamini. Wakikujibu "huwa hatuna tatizo", maana yake hakuna anayetangaza.

Huduma ya maghala ya Amazon ina ugumu wake: mfumo huhamisha bidhaa zako kati ya majimbo bila kukuuliza. Unaweza kutuma katoni Ohio zikajikuta Kentucky na Texas. Pakua ripoti ya daftari la stoku inayoonyesha kila ghala lililoshika mali yako, na ihifadhi hasa ya Desemba 31 na Januari 1. Majimbo hayakubaliani juu ya nguvu ya mali iliyowekwa hivyo: mwaka 2022 mahakama moja ya Pennsylvania ilikataa kwamba kuwa na bidhaa kwenye ghala la Amazon pekee kunatosha kumfunga muuzaji wa nje na kodi za jimbo hilo. Usiutumie uamuzi huo kama ngao California au Texas.

Tarehe za kubandika ukutani kwa mwenye mali Texas: Januari 1 hesabu ya stoku, chukua picha na ripoti siku hiyo hiyo, Aprili 15 fomu 50-144, Aprili 30 fomu 50-113, Julai 31 ombi la Septemba 1. Georgia: Aprili 1. Notisi ya thamani ikija, isome siku ile ile, kwa kuwa muda wa kupinga huhesabiwa kwa siku na bahasha iliyotumwa kwenye anwani ya ghala hukaa mezani kwa msimamizi wiki nzima. Weka anwani ya mhasibu wako badala yake.